Fatiha Kando ya Mfereji wa Yangzhou

Nyumbani kwa bibi yangu, Siyu, kisiwani Pate, kulikuwa na bakuli la Kichina kwenye kidaka cha ukuta wa ndani. Halikupakuliwa chakula hata siku moja. Mkesha wa Idi lilifutwa vumbi na kurudishwa pale pale, na mtoto aliyelinyoshea mkono alikiona cha moto. Lilikuwa jeupe lenye maua ya buluu, limepata ufa ukingoni, na bibi alisema lilikuja na jahazi. Jahazi la nani, kutoka bandari gani, sikuuliza. Kwa mtoto wa Pate kila kitu kizuri kilikuja na jahazi.

Bibi alikuwa na kawaida yake baada ya magharibi. Alisoma Fatiha moja moja kwa majina: wazazi wake, mumewe, ndugu zake, kisha majirani waliotangulia. Ya mwisho haikuwa na jina. “Na hii,” alisema, “ni ya walofia baharini na walozikwa ugenini, wasokuwa na wa kuwasomea.” Ndipo alipojipangusa uso na kuuliza chai i wapi.

Likizo zikifika tulikwenda kwa miguu hadi magofu ya Shanga, upande wa kusi wa kisiwa, kuokota vigae ufuoni maji yakipwa. Chochote chenye kung'aa tulikiita cha Wachina. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba wataalamu waliochimbua Shanga miaka ya 1980 walikuta humo vigae vya vyombo vya Changsha, vya karne ya 9, vyenye mng'ao wa manjano iliyofifia na michoro ya kahawia na kijani. Changsha haiko pwani. Iko bara, mbali sana na bahari. Vyombo vyake vilishuka kwa mito hadi mji uitwao Yangzhou, mahali ambapo mto Yangtze na mfereji vinakutana, na huko ndiko vilikopakiwa kwa safari ya bahari. Tangu siku ile jina la Yangzhou lilinikaa moyoni kama jina la ukoo wa mama ambao sijawahi kuuona.

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, kazi ilinipeleka Shanghai, nami nikapata siku nne zangu mwenyewe. Nikapanda treni.

Niseme kwanza juu ya mfereji, ule Mfereji Mkuu wa China, kwa sababu mimi nilikwenda nikiwa na picha ya mtaro kichwani. Huu ni mto uliochimbwa na watu. Kipande chake cha kwanza kilianza papa hapa Yangzhou mwaka 486 kabla ya Kristo, mfalme Fuchai wa Wu alipotaka njia ya kupitisha jeshi na chakula kwenda kaskazini. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kuanzia mwaka 605, mfalme Yang wa nasaba ya Sui aliwakusanya watu wengi mno kuunganisha mifereji hiyo iwe njia moja, na wengi wao walikufa kazini. Mwenyewe aliuawa mjini Yangzhou mwaka 618 na walinzi wake walioasi, na kaburi lake liligunduliwa mwaka 2013 kwenye eneo la ujenzi wa nyumba. Leo njia ya kutoka Beijing hadi Hangzhou inakaribia kilomita 1,800, na tangu 2014 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Matishari yenye mchanga na makaa bado yanapita nje ya mji. Mkondo wa kale uliomo mjini umeachiwa boti za matembezi.

Kusini mwa mji kuna mahali paitwapo Sanwan, yaani Mapindi Matatu. Maji pale yalikuwa yakiteremka kwa kasi na vyombo vikikwama, basi mwaka 1597 wakaamua kuurefusha mfereji kwa makusudi, wakaupinda mara tatu ili maji yapunguze mbio na kina kiongezeke. Nilisimama darajani nikiangalia yale mapindi kwa muda mrefu. Sisi tuliokulia kwenye mikoko tunajua kuwa maji hayaendi njia iliyonyooka, na manahodha wetu hungoja bamvua ili wapite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kwetu Lamu. Lakini kuyapinda maji kwa jembe ili yawe na subira, hilo sikuwa nimelifikiria.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda bustani ya Geyuan. Iliundwa mwaka 1818 na Huang Zhiyun, tajiri wa chumvi. Chumvi ndiyo iliyoujenga mji huu. Serikali ilishika biashara yake, ikawapa watu wachache haki ya kuisafirisha kutoka pwani kwenda mikoa ya bara, na wachache hao wakatajirika kupita maelezo. “Ge” ni herufi ya Kichina inayofanana na majani ya mwanzi yaliyochanua matatu matatu, na kweli mianzi ndiyo inayokupokea mlangoni. Katikati yake yamesimamishwa mawe membamba kama machipukizi yanayotoboa ardhi. Hiyo ndiyo masika yao.

Maana bustani hii ni mwaka mzima uliojengwa kwa mawe. Ukitoka kwenye machipukizi unafika kwenye kilima cha mawe ya kijivu yaliyotobolewa na maji, kuna kidimbwi na pango lenye ubaridi: kiangazi. Kisha kilima kirefu cha mawe ya manjano yenye kukaribia wekundu, kinachopandwa kwa vijia vyembamba vinavyokurudisha ulikotoka usipoangalia: majira ya majani kupukutika. Mwisho ni kipupwe. Chini ya ukuta wa kusini wameweka mawe meupe ambayo, hata jua likiwaka, yanaonekana kama yameangukiwa na theluji isiyoyeyuka. Kwenye ukuta wenyewe wametoboa matundu 24 ya mviringo, ili upepo ukipita uvume kama upepo wa baridi.

Nimetoka mahali ambapo mwaka unahesabiwa kwa kusi na kaskazi, na theluji niliijua kwa picha. Nikasimama mbele ya matundu yale na upepo ukapita. Ulivuma kweli. Kisha nikageuka, na kwenye ukuta wa magharibi nikaona dirisha la mviringo, na ndani ya dirisha, mianzi na yale machipukizi ya mawe niliyoyapita mwanzo. Aliyeipanga bustani alitaka mtu aliyefika kwenye baridi aione masika ikimngoja upande wa pili wa ukuta. Nilikaa pale karibu saa nzima. Watalii walikuja, wakapiga picha, wakaondoka, nami sikuweza kuondoka.

Bustani ya He, ya mwaka 1883, ina ujia wa ghorofa mbili uliofunikwa, mita 1,500 kwa jumla, unaoweza kuizunguka siku ya mvua usilowe. Ni nzuri, lakini kilichonishika ni ua mdogo uliopakana nayo, Pianshi Shanfang, unaosemekana kupangwa na mtawa mchoraji Shitao. Fundi aliacha tundu kwenye mawe kwa hesabu kamili, na mwanga unaopenya hapo unaanguka kwenye maji ya kidimbwi kama mwezi. Mwezi mchana, saa sita! Ukisogea hatua chache unakuwa hilali, ukisogea tena unakuwa mpevu. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu wake aliniona nimeshangaa, akanishika kiwiko, akanisogeza taratibu mpaka mwezi ukajaa. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana.

Shouxihu, ziwa jembamba la magharibi, nililipitia kwa mashua. Huko kuna Daraja la Mabanda Matano la mwaka 1757, lililojengwa matajiri wakijiandaa kumpokea mfalme Qianlong, aliyekuja kusini kwa mfereji mara sita. Karibu nalo umesimama mnara mweupe wa Kibudha, na watu wa mji wana hadithi yake. Wanasema mfalme alipita akasema mandhari hii imekosa kitu kimoja tu, mnara mweupe kama ule wa Beijing. Usiku ule tajiri mmoja akaamuru magunia ya chumvi yapangwe, na asubuhi mfalme akauona mnara. Kila mwongozaji huisimulia, na watu hucheka kwa furaha. Mimi nimeyaona mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na nyayo za watu wanaofanya kazi ndani yake, jinsi chumvi inavyozila. Niliposikia hadithi ile niliwafikiria waliobeba magunia usiku. Mji wote huu mzuri umesimama juu ya migongo yao, na bustani haziwataji.

Kwenye kilima kilicho kaskazini ya ziwa liko hekalu la Daming. Mimi ni Mwislamu, niliingia kama mgeni anayeingia nyumba ya mtu, kwa adabu, bila kujifanya mwenyeji. Ubani ulikuwa mzito, vikongwe walikuwa wanainama na vijiti vya udi vimeshikwa kwa mikono miwili. Nilimfuata mtu mmoja tu pale, mtawa Jianzhen, aliyezaliwa Yangzhou mwaka 688 na kuwa mkuu wa hekalu hilo. Wajapani wawili walimjia wakimwomba avuke bahari akafundishe kanuni za utawa kwao. Alijaribu mara tano akashindwa. Kuna safari aliyozuiwa na serikali, kuna safari chombo kilichovunjika, kuna safari dhoruba iliyomtupa hadi kisiwa cha Hainan, kusini kabisa ya China, na katika mashaka hayo akapofuka macho. Mara ya sita, mwaka 753, akiwa na miaka 65 na haoni, alifika Japani. Alikufa huko mwaka 763, akazikwa Nara, penye hekalu la Toshodaiji alilolijenga mwenyewe.

Ukumbi wa kumbukumbu yake ulichorwa na Liang Sicheng, msanifu aliyeipenda mno mijengo ya kale ya nchi yake, akiigiza ukumbi mkuu wa Toshodaiji. Ulikamilika mwaka 1973, Liang mwenyewe akiwa ameshafariki. Mwaka 1980 Wajapani walileta kwa muda sanamu ya kale ya mtawa huyo, ile iliyotengenezwa Nara, ikapokelewa mjini alikozaliwa. Miaka zaidi ya 1,200 baada ya kuondoka, mtu wa Yangzhou akarudi kwao kwa sura. Nikakumbuka “walozikwa ugenini”. Bibi, kwa imani yake, hakuwa akimkusudia mtawa wa Kibudha. Lakini nilikaa kwenye kizingiti cha ukumbi ule na machozi yakanilenga.

Sasa nifike kwenye kile kilichonipeleka.

Kwenye jumba la makumbusho la Yangzhou kuna chupa bapa ya udongo, ya kubebwa mgongoni safarini, iliyotoka kwenye kaburi la enzi ya nasaba ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10) lililochimbuliwa mwaka 1980. Ni kazi ya Changsha. Upande mmoja wamechora kwa kijani maandishi ya Kiarabu yanayomtukuza Mwenyezi Mungu. Mkono wa mchoraji haukuyajua maandishi hayo, unaona jinsi herufi zinavyoyumba kama za mtoto wa chuoni siku ya kwanza kushika ubao. Alinakili alichoagizwa. Mnunuzi alikuwa mtu kama sisi, au mtu aliyefanya biashara na watu kama sisi.

Mwaka 1998 huko Indonesia, karibu na kisiwa cha Belitung, wazamiaji walikuta chombo kilichozama katika karne ya 9 kikiwa na vyombo vya udongo vipatavyo 60,000, vingi mno vikiwa vya Changsha. Bakuli moja limechongwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja, kama mitepe ya Pate na Lamu ambayo wazee wa wazee wetu waliiunda, na waliozichunguza mbao hizo walitambua humo miti ya Afrika, ya jamii ya mbambakofi. Ndani yake mlikuwa na kioo cha shaba kilichoandikwa kwamba kimefuliwa Yangzhou, na tarehe yake ni ya mwaka 758.

Tarehe hiyo isikupite. Nchi ilikuwa kwenye uasi uliozuka mwaka 755. Mwaka 760, miaka miwili tu baada ya kioo kile kufuliwa, jeshi la jemadari Tian Shengong liliingia Yangzhou kuzima uasi wa kamanda mwingine, likaupora mji, na likawaua wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi waliokuwa wakiishi humo. Vitabu vya historia vya Wachina wenyewe vinasema waliouawa walikuwa maelfu. Hawakuwa askari. Walikuwa watu wa mizani na dhiraa, wauza lulu na dawa, wenye wake na watoto mjini. Nimesoma makala nyingi zinazosifu biashara ya bahari ya Hindi kana kwamba ilikuwa karamu ya mataifa, na nyingi ya hizo hazimtaji Tian Shengong. Mimi naona kumwacha nje ni kuwaua wale watu mara ya pili.

Na bado chombo cha Belitung kilikuja baada ya hapo. Watu wale wale wa mbao za kushona walirudi kununua bakuli katika nchi ile ile, miaka kama 70 baadaye. Je, ni kwa sababu walisahau, au kwa sababu mtu wa bahari hana bandari isiyo na damu? Nililiuliza swali hili nikitembea kando ya mfereji na sikulipatia jibu.

Ijumaa nilikwenda msikiti wa Xianhe, Msikiti wa Korongo. Kwa mapokeo ulijengwa mwaka 1275 na mgeni aitwaye Puhaddin, anayesemwa kuwa wa kizazi cha 16 cha Mtume. Waumini wa hapo wanauona msikiti wao kama ndege: lango ni kichwa, visima viwili ni macho, ujia mwembamba ni shingo, ukumbi wa sala ni mwili, na kumbi za pembeni ni mabawa. Uani kuna mti wa ginkgo wa miaka mamia saba. Mapaa yamepinda juu kama ya mahekalu, na ndani, kibla kimepambwa kwa maandishi ya Kiarabu ya dhahabu. Nilitawadha. Khutba ilikuwa ya Kichina, sikuelewa ila majina ya mitume, lakini imamu, ambaye wao humwita ahong, aliposoma suratul-A'la katika rakaa ya kwanza nilikuwa nyumbani. Baada ya sala wazee watatu wa Kihui, Waislamu wa Kichina, walinizunguka. Nikawaambia, “Kenya.” Mmoja akaniuliza kwa ishara kama kwetu kuna misikiti. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya msikiti wa Siyu. Akaitazama, akampa mwenzake, akanipa mkono tena upya, kana kwamba salamu ya kwanza haikutosha.

Walinipeleka wenyewe kwenye mkahawa wenye kibao cha kijani cha qingzhen, chakula cha halali. Tukala mikate ya mvuke yenye nyama ya ng'ombe, na tofu iliyokaushwa ikakatwa nyembamba kama uzi, imemwagiwa maji ya moto na mafuta ya ufuta. Watu wa Yangzhou wanasema kuwa asubuhi ngozi hufunika maji na jioni maji hufunika ngozi: chai asubuhi tumboni, hamamu jioni. Chai ile ya kukaa, isiyo na haraka, ingempendeza kila mzee wa barazani Lamu.

Kaburi la Puhaddin liko ng'ambo, ukingo wa mashariki wa mfereji wa kale. Alikufa mwaka 1275, na kwa simulizi ya wenyeji mauti yalimkuta ndani ya mashua, akirudi Yangzhou kutoka kaskazini. Mji ukampa kilima hiki juu ya maji. Lango linautazama mfereji, ngazi zinapanda, na juu yake kuna kijumba cha matofali, nje mraba, ndani kuba. Kaburi lenyewe ni mawe yaliyopangwa ngazi tano, yamechongwa aya za Qur'ani. Kandokando wamezikwa wengine, wageni waliomfuata karne baada ya karne. Mji walimochinjwa maelfu mwaka 760 ni huu huu, na udongo ni huu huu.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Mlinzi, mzee mwenye kofia nyeupe, alikuwa ameshika ufagio na funguo. Nikainua mikono. Nikamsomea Puhaddin Fatiha, kisha bibi yangu kwa jina lake, aliyezikwa Siyu. Nikasoma na ile ya mwisho, ya walofia baharini na walozikwa ugenini, kwa sauti, kwa maneno yake yale yale ya Kisiyu, na safari hii nilijua kwamba maelfu yao wamo katika ardhi ya mji huu, bila kibao wala jiwe.

Nilipofika mwisho nikasikia “Amin” nyuma yangu. Mzee alikuwa ameegemeza ufagio kwenye mti na viganja vyake vimefunguka. Akajipangusa uso, akasubiri nivae viatu, tukashuka ngazi pamoja hadi langoni. Akafunga. Mfereji ulikuwa umetulia, boti moja ilikuwa inapita na taa zake zimeshawashwa.